Kiyoyozi Nyuma ya Pazia

Nsiah hakuwa mtu wa kukaa. Mkewe Dufie alikuwa akisema kwamba mumewe alizaliwa njiani na mpaka leo hajafika. Akila, alikula akitazama mlango. Kanisani vidole vyake vilikaza skrubu isiyoonekana kwenye mgongo wa benchi la mbele, mpaka mwenye benchi akageuka. Lakini mwaka ule, tangu vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, lilipotulia na joto la Machi likaanza kubisha hodi, kutotulia kwake kulivuka mpaka. Alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutaga, na ukimuuliza ana nini, alikujibu hana kitu.

Alikuwa nacho. Kilikuwa ghorofani, katika ukumbi wa semina wa Idara ya Jiografia, nyuma ya pazia la kijani.

Nsiah alikuwa fundi wa viyoyozi wa Chuo Kikuu cha Asuokwaa, na pale kwetu Asuokwaa kazi hiyo haikuwa kazi ndogo. Ukubwa wa mtu chuoni ulipimwa kwa baridi ya ofisi yake. Mhadhiri wa kawaida alikuwa na feni. Mhadhiri mwandamizi alikuwa na kiyoyozi kimoja. Profesa alikuwa na viwili, na mgeni wake akiingia aliwashiwa vyote mpaka meno yagongane, ndipo ajue kwamba amepokewa. Mama Frema, karani wa idara, alivaa sweta saa sita mchana katika nchi ambayo mbuzi wenyewe hutafuta kivuli. Baridi ikimzidi alifungua mlango apate joto la nje, huku mashine ikiendelea kunguruma juu ya kichwa chake. Hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ingekuwa profesa kutoka jasho.

Na jengo lenyewe halikuumbiwa hivyo. Lilijengwa mara tu baada ya uhuru, na waliolijenga walijua upepo wa pale unatoka wapi na unakwenda wapi. Walilifanya jembamba, wakaligeuzia jua la jioni ubavu wake mwembamba, wakalipa baraza ndefu na madirisha ya luva, vile vibao vya kioo vinavyopanuka ukivuta mkono wa chuma. Juu ya madirisha, karibu na dari, waliacha matundu marefu ya kutolea hewa ya moto. Kisha zikaja fedha, na pamoja na fedha zikaja suti, na pamoja na suti vikaja viyoyozi. Luva zikafungwa, matundu ya juu yakazibwa kwa mbao, na katika kila tundu ikachomekwa mashine.

Aliyezichomeka ni Nsiah. Wakati ule alikuwa kijana wa kubeba ngazi za wenzake. Mashine ya kwanza aliyoiweka peke yake, bila msimamizi wa kumfokea, ilikuwa ya ukumbi wa semina. Ilipowaka bila kutetemeka, mkuu wa karakana alimpiga begani akamwambia aje Jumatatu atie sahihi ya ajira. Kwa baridi ya mashine ile alioa, alijenga vyumba vyake viwili, na alimsomesha Pokuaa.

Pokuaa alikuwa binti wa dada yake, Konadu. Alimwita Nsiah Wofa, kama kila Mwasante, mtu wa kabila letu, amwitavyo kaka wa mama yake, na kwetu neno hilo si la kuitana tu. Baba humpa mtoto jina, mjomba hutoa ada. Nsiah alitoa tangu Pokuaa anajifunza kushika kalamu mpaka shahada ya uzamili, na hakuwahi kunung'unika. Aliyenung'unika ni Dufie.

"Watoto wako mwenyewe wanagawana kitabu kimoja," alimwambia, "na wa dada yako anasomea upepo. Upepo, Nsiah! Mtu anakwenda shule kusomea kitu kinachopita bure hapo dirishani!"

"Si upepo tu," Nsiah alijibu. "Ni majengo. Ni mambo makubwa."

"Mambo gani?"

Hapo Nsiah alisimama akaenda kuangalia bomba la maji. Ukweli ni kwamba hakujua. Pokuaa alikuwa amempa nakala ya andiko la utafiti wake, naye akaiweka kabatini juu ya Biblia, akawa anawaonyesha wageni jalada lake. Ndani hakuwahi kufungua. Mtu akikuletea mtoto mzuri humfungui kinywa kuhesabu meno.

Akajua siku Pokuaa alipokuja mbio karakanani, kandambili zikipiga sakafu, akamshika mikono miwili mbele ya mafundi wote.

"Wofa, wamekubali! Baraza la chuo limekubali!"

"Hongera, mwanangu! Wamekubali nini?"

"Kuving'oa! Vyote vya Jiografia. Tunalirudishia jengo luva zake, tunapima joto na umeme mpaka msimu wa joto uishe. Likifaulu, majengo yote ya zamani yanafuata."

Nsiah aliendelea kutabasamu kwa sababu uso wake ulikuwa umeshaanza kutabasamu na haukupata taarifa mapema.

"Na nani atakayeving'oa?"

"Si wewe uliyeviweka?" Pokuaa akacheka. Kisha akamtazama vizuri, kicheko kikamkauka. "Wofa. Hukuisoma ile nakala?"

"Nimeisoma," alisema Nsiah. "Nimeisoma yote."

Pokuaa alipoondoka tu, Badu, fundi mwenzake ambaye mdomo wake haukuwahi kupata likizo, akapiga kofi pajani.

"Majengo yote ya zamani! Jamani, tutakula luva? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini wewe Nsiah umevunja rekodi. Wewe chako umekilipia na ada!"

Wengine walicheka, lakini si kwa furaha. Mkuu wa karakana alikuwa amekwisha sikia huko juu kwamba jengo hilo likifaulu, mafundi wa viyoyozi watapunguzwa. Likishindwa, mashine zitarudi mahali pake na maisha yataendelea. Kwa hiyo tangu siku hiyo Nsiah alikuwa na mioyo miwili katika kifua kimoja. Mmoja ulimwombea mtoto wa dada yake ashinde. Wa pili uliomba Machi iwe kali kama tanuri.

Aliving'oa. Ofisi baada ya ofisi alishusha mashine, akabandua mbao, akapaka mafuta mikono ya luva iliyokuwa imeshikana kwa kutu. Maprofesa walimpita mlangoni bila kumsalimia, kana kwamba yeye ndiye aliyewavua vyeo. Mama Frema tu ndiye aliyefurahi. Alivua sweta, akalitundika msumarini, akasema sasa atajua mkono wake una rangi gani.

Mwisho akabaki na ukumbi wa semina. Alipanda ngazi, akashika spana, akaitazama ile mashine yake ya kwanza, na mkono haukwenda. Alijiambia nati zina kutu, atarudi na mafuta. Aliporudi na mafuta akajiambia ubao wa kuzibia umeoza, ukitolewa utavunja dari. Siku ya tatu alimwendea Mama Frema akamwomba pazia.

"Pazia la nini?"

"La huko semina. Mwanga unawasumbua watu wa kuonyesha picha ukutani."

Mama Frema akampa la kijani lililobaki zamani walipomkaribisha waziri. Nsiah akalitundika juu kabisa, likafunika ubao na mashine pamoja. Kwenye karatasi ya kazi akaandika kwamba vyote vimetoka.

Alikuwa na maelezo ya kujipa, na alijipa mchana na usiku. Hii ni akiba tu. Joto likija na wakubwa wakaanza kulia, nani atakayewaokoa? Atavuta pazia, atabonyeza rimoti, na watasema Nsiah ana akili. Maelezo hayo yalikuwa mazuri sana, ila kila alipomaliza kujipa ilimbidi aanze upya.

Mashine nayo haihifadhiwi kama sahani. Fundi yeyote wa viyoyozi atakuambia kwamba isipozungushwa inakufa ikiwa imesimama. Kwa hiyo adhuhuri, watu walipokwenda kula, Nsiah alipanda ghorofani kama mtu anayekwenda kwa kimada. Alijifungia, akabonyeza rimoti, akasimama chini ya pazia akiiacha baridi impige usoni. Dakika chache tu. Dakika hizo ndizo pekee miguu yake ilipotulia. Akizima, wasiwasi ulikuwa unamngoja mlangoni kama mbwa.

Pokuaa wakati huo alikuwa na vipima joto kila chumba na mita ndogo za umeme kila ghorofa. Alishinda kwenye baraza akiandika, akivuta luva hii na kuirudisha ile, amefunga nywele kwa kitambaa, na jasho likimtoka kwa furaha. Nyumba ilikuwa inamtii. Hata Machi ilipoingia, mtu aliyekuja na shati jepesi aliweza kufanya kazi yake na kurudi kwake bila kulalamika. Isipokuwa chumba kimoja.

"Wofa," alimwambia siku moja, "ukumbi wa semina una nini? Vyumba vingine vinapumua. Kile kinakohoa."

"Labda uko upande mbaya."

"Upande ni uleule."

"Labda ni bati."

Pokuaa alimtazama kwa muda. Alikuwa na macho ya Konadu, macho yasiyopepesa.

"Labda," akasema, akarudi kwenye vipima joto vyake.

Usiku huo Nsiah hakulala. Alijua chumba kina nini. Hewa ya moto hupanda juu, na huko juu ilipaswa kukuta tundu, nayo ilikuwa inakuta ubao wake. Alikuwa ameziba pua ya chumba cha mtoto wake. Alijisikia aibu, na aibu ile ilimwasha mwili mzima.

Jumapili akatoka nyumbani na nguo za ibada. Dufie akamsimamisha getini, akampapasa mfuko.

"Unakwenda kanisani na spana?"

"Benchi letu limelegea."

"Nsiah, mume wangu, benchi limelegea au wewe ndiye umelegea? Kaa chini uniambie."

"Nikirudi nitakaa."

Alikwenda moja kwa moja chuoni. Mlinzi alimfungulia bila kuuliza. Alivuta pazia, akalegeza nati ya kwanza, ya pili, zote, mpaka mashine ikabaki imekaa kwa uzito wake tu. Ilikuwa imebaki kusukuma. Akaweka viganja viwili kwenye bati lake, na bati lilikuwa na joto la mchana kama shavu la mtu. Akawaza habari ya Jumatatu, karakana tupu, Badu na wengine wamekaa juu ya masanduku ya vifaa hawana la kufanya. Akawaza watoto wake na kitabu chao kimoja. Akarudisha pazia, akaenda kanisani kusikia amina ya mwisho.

Siku tatu kabla ya Pokuaa kutetea tasnifu yake, Konadu aliwaita nyumbani kwake kula fufu na mchuzi wa mawese. Nsiah alichovya tonge moja akaliacha bakulini. Pokuaa akawa anaeleza kwamba mtahini wa nje, Profesa Okyere-Darko, anatoka Accra, na anaogopwa.

"Mtakutana wapi?" Nsiah akauliza.

"Ukumbi wa semina."

"Kwa nini huo? Badilisheni! Ukumbi mkubwa wa maktaba una nini?"

"Kuna mitihani. Halafu yeye mwenyewe amekataa kwingine. Amesema anataka kukaa ndani ya tasnifu yenyewe."

"Chumba ni kibaya kile!"

"Najua, Wofa," alisema Pokuaa taratibu, bila kuondoa macho kwenye bakuli. "Lakini si ndicho chenye maswali?"

Konadu akampiga kaka yake mgongoni kwa mkono wenye mawese. "Na wewe usije ukaingia na ovaroli siku ya mwanangu. Unakuja na nguo ya heshima. Unakuja kama mjomba wa mtu."

Akaja kama mjomba wa mtu. Alivaa nguo yake ya heshima, shuka pana la kujitanda la rangi ya buluu na dhahabu, limepita kwapani na kutupwa bega la kushoto, na chini yake kaptura yenye mifuko. Katika mfuko mmoja alikuwa na rimoti. Katika wa pili spana. Mwenyewe hakuwa na hakika ameziweka saa ngapi.

Kutetea kulikuwa wazi kwa watu wote, na ukumbi ulijaa. Mkuu wa idara, Daktari Araba Quansah, aliketi katikati. Mama Frema alikuwa mlangoni. Badu na mafundi wawili walijibanza nyuma, wamekuja kuangalia mazishi yao. Profesa Okyere-Darko aliketi kulia, mzee mnene mwenye suti ya vipande vitatu, tai, na juu ya yote joho jekundu. Alikuwa amevaa Accra yote. Kabla Pokuaa hajamaliza utangulizi, leso ya profesa ilikuwa imelowa.

Pokuaa alisema vizuri. Alisema mpaka Konadu, ambaye hakuelewa neno la vipimo, akawa anaitikia kwa kichwa. Nsiah hakusikia hata moja. Alikuwa amesimama ukutani, karibu na pazia, akihesabu nyuzi za pazia kwa macho.

"Binti," profesa akasema mwishoni, akijifuta shingo. "Kazi ni nzuri. Lakini nimekaa na vipimo vyako wiki nzima. Ukumbi huu tulimokaa. Adhuhuri joto linashuka ghafla, bila upepo. Kisha linapanda. Na wakati uleule umeme wa ghorofa hii unaruka. Si siku moja. Karibu kila siku ya kazi. Nini hiki?"

Pokuaa aliinua macho.

Hakutazama pazia. Alimtazama Nsiah. Ilikuwa ni mara moja tu, na haraka, lakini Nsiah alielewa yote kwa mpigo. Alijua. Alikuwa amejua tangu siku ile ya bati na upande mbaya, pengine tangu kabla yake. Alikuwa amekaa miezi akimngoja mjomba wake amwambie mwenyewe.

"Sijui, Profesa," alisema Pokuaa.

"Hujui?"

"Sijui."

"Umeomba chuo kizima king'oe viyoyozi vyake kwa sababu ya vipimo vyako, na hujui vipimo vyako vinasema nini?" Profesa aliweka kalamu mezani. "Basi ndugu zangu, sioni tunachokitetea hapa."

Daktari Araba akashusha macho. Konadu akashika kiti cha mbele yake. Na Nsiah akasikia sauti ya mtu ikisema, kwa nguvu kupita kiasi:

"Mimi najua."

Ilikuwa yake. Hakukuwa na pa kurudi. Akanyoosha mkono, akalivuta pazia la waziri kwa nguvu mpaka likatoka na fimbo yake na kuanguka. Mashine ikabaki inaonekana wazi, nyeupe, na kijitaa chake chekundu kikiwaka kama jicho la mtu aliyekutwa usingizini.

"Toba!" alisema Mama Frema. "Na pazia nilimpa mimi!"

"Ni mimi," Nsiah akasema. "Niliambiwa niitoe sikuitoa. Kila adhuhuri nakuja naizungusha. Huyu mtoto hana kosa. Vipimo vyake havina kosa. Kosa limesimama hapa."

Nyuma Badu alianza kucheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha.

Profesa aliitazama mashine. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni na kuingia kwenye tai. "Inafanya kazi?" akauliza.

"Inafanya."

"Basi iwashe, kwa jina la Mungu! Tuzungumze tukiwa hai!"

Watu wakaguna kwa kukubali. Daktari Araba mwenyewe alijipepea kwa tasnifu. Nsiah akatia mkono mfukoni, akaikuta rimoti. Siku hiyo ndiyo aliyokuwa akiingoja. Wakubwa wanalia joto, na yeye ndiye mwenye dawa. Abonyeze tu, na karakana imepona. Akamtazama Pokuaa. Uso wa mtoto ulikuwa hauombi kitu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Tangu aajiriwe, mtu mkubwa hajawahi kumwambia washa naye akakataa.

"Siiwashi," alisema.

"Unasemaje?"

Nsiah akaishika nguo yake begani, akaishusha. Ikateremka mpaka kiunoni, kifua na mabega yakabaki wazi, kama mtu anavyosimama mbele ya mfalme au mbele ya wazee aliowakosea. Akavua na viatu.

"Mzee wangu, nimekosa. Nimevua bega mbele yako nikiomba radhi, na radhi siombi kwa mashine. Chumba hiki kina joto kwa sababu hiyo mashine imekaa kwenye tundu la pua yake. Ukiniambia niiwashe, nitakuwa nimemwua huyu mara mbili. Niruhusu niitoe. Na wewe, mzee wangu, nisamehe, lakini hilo koti umelivaa la nchi gani?"

Profesa alikuwa mtu wa Accra, lakini kabla ya Accra alikuwa Mwasante, na Mwasante hawezi kukaa amejifungia vifungo mbele ya mtu aliyeshusha nguo akiomba radhi. Alitazama kifua kitupu cha Nsiah. Akajitazama mwenyewe. Akavua joho. Akavua koti. Akafungua kizibao, na alipolegeza tai alitoa pumzi ndefu mpaka mstari wa mbele ukaisikia.

"Itoe," alisema.

Nati zilikuwa zimelegezwa tangu Jumapili ile. Nsiah alivuta meza, akapanda, akakata umeme, akashika upande mmoja. Mashine ilikuwa nzito kuliko siku aliyoipandisha, au yeye ndiye aliyekuwa mwepesi zaidi. Akageuka kumwita Badu. Badu alikuwa bado ameganda ukutani. Aliyepanda meza ya pili ni Pokuaa, na gauni lake la sherehe, akaushika upande wa pili.

"Ulijua," Nsiah akamwambia chinichini, mashine ikiwa kati yao.

"Inua, Wofa," alisema Pokuaa. "Inua kwanza."

Wakaishusha. Ubao ukaja nao. Hakikuja kimbunga, watu wasije wakawaongopea. Ilikuwa hewa ya mwisho wa msimu wa joto, nyembamba, yenye harufu ya vumbi, iliyoingia kwa luva za chini, ikapita shingoni mwa watu, ikatokea juu. Lakini ilipita. Kona za karatasi zikainuka. Mama Frema akafumba macho.

"Sasa, binti," profesa akasema, akiwa na shati tu. "Swali langu halijaondoka. Ulijua au hukujua?"

"Nilijua, Profesa."

"Na ukaniambia hujui. Ninakotoka, anayemdanganya mtahini ameshindwa. Kwa nini?"

Pokuaa alikuwa bado anafuta vumbi mikononi. "Kwa sababu ni Wofa wangu," alisema, na sasa ndipo machozi yalipomtoka.

Profesa alimtazama Daktari Araba, Daktari Araba akamtazama. Kisha akaivuta tasnifu karibu. "Umefaulu kwa sharti. Utaandika chanzo cha umeme ule, wazi, katika sura ya nne. Sitaki kusoma tena neno 'sijui' ndani ya kitabu hiki."

Jioni walikaa kwenye baraza, Pokuaa na karatasi zake magotini, Nsiah juu ya mashine yenyewe kwa kuwa hapakuwa na kiti.

"Nitaandika kilisahauliwa," alisema Pokuaa. "Kiyoyozi kimoja kilisahauliwa wakati wa kuondoa. Inatosha. Hawatasema kitu."

"Hakikusahauliwa."

"Wofa, watakufukuza."

"Hakikusahauliwa, mwanangu. Kilifichwa. Andika kilifichwa, na umtaje aliyekificha."

Pokuaa akashika kalamu muda mrefu. Kisha akaandika.

Hawakumfukuza mara moja. Walimpa onyo, wakamwachia kazi aliyoistahili. Kila jengo la zamani lilipofikiwa zamu yake, aliitwa Nsiah aliyeziweka mashine aje azitoe. Alizitoa moja moja, huku akijua kila nati inampunguzia siku. Badu aliondoka, akafungua duka mjini. Nsiah bado hakutulia. Hata leo anakula akitazama mlango, na Dufie bado anamwambia akae.

Tasnifu ilipotoka ikiwa na jalada gumu, Pokuaa alimletea nakala. Safari hii haikupanda kabatini. Dufie aliiweka palepale mezani, akamwambia mumewe amwonyeshe jina lake liko wapi. Nsiah akafungua ukurasa wa mwanzo, wa shukrani, ambapo ilikuwa imeandikwa kwamba bila mjomba wake Nsiah aliyemlipia ada tangu utotoni kazi hii isingekuwapo.

"Na kwingine?" Dufie akauliza. "Watu wanasema uko mara mbili."

Nsiah akafunua sura ya nne, akaweka kidole mahali ilipoelezwa kwamba vipimo vya chumba hicho viliharibiwa na Nsiah, fundi wa chuo. Kule mwanzo alikuwa amesoma haraka. Hapa alisoma polepole, neno kwa neno, kwa sauti, mpaka mwisho wa aya. Dufie alipomtazama, aliona kwamba alikuwa amevuta kiti na kukaa.